Maswali yenu: jikoni, ziwani na mbele ya picha ya Krishna

Hare Krishna wapendwa. Safari hii meseji nyingi zimetoka Tabora mjini na Kigoma, nyingine ndefu kama barua kabisa, na nimezisoma zote. Sijaweka mpangilio wowote, pale nilipoona mtu ana mzigo mkubwa nimejibu kirefu.

SWALI: Mimi ni mama wa nyumbani, Isevya, Tabora. Jirani yetu Mhindi alitukaribisha kwenye bhajan (nyimbo za kumsifu Mungu) kwake tukaimba tukapewa prasadam (chakula kilichotolewa kwanza kwa Krishna), toka siku ile natamani na mimi nimpikie Krishna hapa kwangu. Tatizo sina samli, sina dengu wala viungo vyao, sisi huku ni ugali na mlenda. Je, si dharau kumwekea Mungu ugali?

JIBU: Dada yangu, siyo dharau hata kidogo, na nimefurahi sana umeuliza kwasababu kuna watu wamekaa miaka wanasubiri mpaka wapate samli ndo waanze. Kwenye Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu cha maneno ya Krishna, sura ya 9 mstari wa 26 Krishna anasema mtu akimpa kwa upendo jani, ua, tunda au maji, yeye anapokea. Sasa hebu viangalie hivyo vitu vinne, kuna hata kimoja ambacho mtu wa Isevya hana? Ugali unatolewa, nsansa za karanga zinatolewa, kisamvu, maboga, viazi vitamu, matobolwa, maharage, na ikifika msimu wa maembe hapo Tabora ndo kabisaa. Na asali! Nyie mmekaa kwenye asali bora kabisa ya nchi hii alafu mnasema hamna kitu cha kumpa, wakati asali ni moja ya vile vitu vitano vya panchamrita vinavyotumika kuogesha murti (umbo la ibada la Mungu) hekaluni, yani maziwa, mtindi, samli, asali na sukari.

Ila kuna masharti na hayo siwezi kukulegezea. Nyama hapana, samaki hapana, mayai hapana, na hapo kwenye mlenda angalia vizuri manake wengi tunatia dagaa wa kusaga ili ukolee, huo hautolewi. Vitunguu maji na vitunguu saumu pia hatutumii, na uyoga, najua masika yakianza huko porini uyoga ni mwingi na ni mtamu, lakini Wavaishnava (waumini wa Krishna au Vishnu) wengi hawautoi. Najua kuacha kitunguu ndo kunawatesa watu, mtu anauliza sasa mchuzi utakuwaje. Tangawizi, nyanya, nazi ukiipata, karanga, bizari, na kuna mvuje. Ndiyo, mvuje ule ule ambao bibi zetu wanamfungia mtoto mchanga asisumbuliwe na mashetani, Wahindi wanaukaanga kidogo sana kwenye mafuta ya moto, kiasi cha ncha ya kisu, na ile harufu yake mbaya inageuka inakuwa kama umeunga na kitunguu. Kidogo sana dada, ukizidisha chakula hakiliki.

Jambo lingine ni kuonja. Usionje. Hili ndo gumu kwetu kwasababu tumelelewa mpishi lazima aonje chumvi, anamimina kamchuzi kwenye kiganja analamba. Chakula cha Krishna wa kwanza kukionja ni yeye, kwahiyo chumvi utaipima. Mimi nina kijiko kimoja kidogo nimekitenga kwa kazi hiyo, sufuria ya maharage ya watu watano najua ni vijiko vingapi, na mikono inazoea. Oga kwanza, safisha meza, na kama umekasirika na mtu subiri hasira ipoe ndo uwashe mkaa.

Ukimaliza pakua kidogo kidogo kwenye sahani na bakuli ambazo hazitumiki na mtu mwingine, na glasi ya maji, weka mbele ya picha ya Krishna. Ukiwa na jani la tulasi, mmea wetu mtakatifu, weka juu ya chakula. Zipo mantra (maneno ya sala) za kutoa chakula utazijifunza taratibu, kwa sasa sema mara tatu: Hare Krishna Hare Krishna, Krishna Krishna Hare Hare, Hare Rama Hare Rama, Rama Rama Hare Hare. Mwambie kwa Kiswahili chako kabisa, au Kinyamwezi, kwamba nimekupikia naomba upokee. Toka, acha kama robo saa, kisha rudi piga magoti, chukua ile sahani rudisha chakula chake kwenye masufuria, na hapo sufuria nzima imeshakuwa prasadam. Wape watoto, mpelekee na jirani. Kisimwagwe.

SWALI: Nyuma ya nyumba nina kivumbasi kingi, tunakitumia kufukuza mbu. Mtu kaniambia ndo tulasi yenyewe. Ni kweli?

JIBU: Siyo yenyewe, ila ni ndugu. Kivumbasi, mrehani na tulasi yote ni jamii moja ya mimea ndo maana ukisugua jani harufu zinakaribiana. Tulasi ya ibada ni aina yake, kuna ya majani ya kijani na kuna ya majani yenye weusi weusi wa zambarau, na watu wanaitunza kama mtu mwenye heshima ndani ya nyumba, inamwagiwa maji asubuhi, inazungukwa, majani hayachumwi usiku. Tafuta mbegu kwa familia za Kihindu hapo mjini, wengi wanayo kwenye kopo barazani na ukiomba kwa adabu hawakunyimi. Tabora kiangazi ni kikali, iweke sehemu yenye kivuli cha mchana na umwagilie. Kwa sasa toa chakula bila jani, usiweke kivumbasi ukasema inafanana.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Kuna kijana alinipa gazeti lenu nikaanza kuimba jina la Krishna, na moyo umetulia kwa namna ambayo sijawahi kuona. Lakini kila usiku naingia ziwani kuua. Nimesoma kwamba hamli samaki. Nina mke, watoto wanne na mama yangu mzazi. Niache kuimba au niache ziwa?

JIBU: Marahaba kaka yangu. Swali lako nimekaa nalo siku kadhaa, sikutaka kulijibu kwa haraka.

La kwanza, usiache kuimba. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mtu asafike kwanza ndo ataje jina, jina lenyewe ndo linasafisha. Imba ukiwa nchi kavu, imba ukiwa ndani ya mtumbwi, imba hata ukiwa unavuta wavu na roho inakuuma.

La pili sitakudanganya ili upate nafuu. Njia hii inafundisha kwamba kila kiumbe kina roho, dagaa naye anayo, na kuua kuna malipo yake. Kwahiyo huo uzito unaousikia usiuzime, hapo kuna kitu kinaamka ndani yako.

Kuna kisa kwenye Chaitanya Charitamrita, kitabu cha maisha ya mwalimu wetu Chaitanya, nataka nikupe, cha mwindaji anaitwa Mrigari. Huyu bwana alikuwa na tabia ya kuwapiga wanyama mishale bila kuwamalizia, anawaacha wanagaragara nusu wafe, ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Siku moja mtakatifu Narada akapita ule msitu, akamkuta swala yuko chini, mbele kidogo nguruwe, mbele tena sungura, wote wanahangaika. Akamtafuta mwindaji. Hakumtukana. Alimwuliza tu kwanini huwaui moja kwa moja, wakaongea, akamweleza maumivu anayoyatoa yatamrudia, yule mtu akaogopa sana. Narada akamwambia vunja upinde. Na unajua Mrigari alijibu nini? Alijibu lile lile la kwako: nikivunja upinde nitakula nini? Narada akamwambia chakula nitakuletea mimi kila siku. Akavunja. Yeye na mke wake wakaenda kukaa kibanda kando ya mto, wakapanda tulasi, wakawa wanaimba, na watu wa vijiji wakawa wanawaletea nafaka na matunda mpaka vinabaki. Baadaye Narada alipokuja kumtembelea akiwa na mwenzake, yule mwindaji alikimbia kuwapokea, na kabla ya kulala chini kusujudu akachukua nguo yake akapangusa ardhi polepole kuwasogeza sisimizi asije akawalalia. Mtu aliyekuwa anacheka swala akigaragara!

Sasa mimi siyo Narada, siwezi kukuambia uvunje mtumbwi kesho alafu watoto wanne na bibi yao wakae njaa, na kulisha familia ni wajibu wako pia. Ila nakuomba uanze kupanga kutoka, na upange kwa kweli siyo kwa mdomo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu mizima hakuna kuvua, na mlikula. Ulifanya nini kipindi kile? Kama ulibeba mawese kupeleka mnadani, kama ulilima, kama ulitengeneza injini za watu au ulipakia mizigo ya boti za abiria, basi mlango upo na ulishapita. Anza kuweka akiba ya mtaji huo huo. Na zile siku za mbalamwezi ambazo taa zenu hazivuti dagaa na mnapumzika, usizilale zote, hizo ndo siku za kujaribu kazi nyingine na kuimba kwa nafasi. Kuacha kula samaki unaweza kuanza hata leo, hiyo haimpunguzii mtoto chochote. Mkeo mshirikishe mapema, asije akasikia kwa watu. Ukifika mahali umekwama niandikie tena, sijachoka.

SWALI: Ekadashi naijuaje bila kalenda, na ninafunga vipi wakati ugali ndo chakula chetu? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Ekadashi, siku yetu ya mfungo, ni siku ya 11 ya mwezi unapokua na siku ya 11 ya mwezi unapopungua, kwahiyo kwa kawaida ni mara mbili kila mwezi mwandamo. Ujiji mnajua kufuata mwezi kuliko watu wengi, ukikadiria ni kama siku nne kabla ya mwezi mpevu na siku nne kabla ya mwezi kuzama kabisa. Lakini kwa tarehe kamili tumia kalenda ya Kivaishnava iliyopigwa kwa eneo lenu, kwenye simu zipo, manake hesabu inategemea macheo ya jua ya mahali ulipo na mara nyingine siku inasogea.

Siku hiyo hatuli nafaka wala jamii ya kunde. Mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, maharage, njegere, dengu, vyote vinapumzika. Wenye nguvu wanafunga kabisa kwa maji, wengine hata maji hawanywi, ila siyo lazima na mgonjwa au mama anayenyonyesha asijaribu. Matunda, maziwa, viazi, ndizi za kupika, maboga, vyote ruksa. Na muhogo ni mzizi, siyo nafaka! Ugali wa muhogo mtupu na mboga ya majani inatosha kabisa, hata India watu siku ya Ekadashi wanakula sabudana ambayo inatokana na huo huo muhogo. Tatizo letu ni kwamba unga wa muhogo wa sokoni mara nyingi umechanganywa na mahindi, na hata ukipeleka makopa yako mwenyewe mashineni ukamfuata mtu aliyesaga mahindi, unga wake umo ndani. Nenda asubuhi mashine ikiwa safi, au twanga kwenye kinu. Na ule mvuje wa pakiti niliousema juu, soma karatasi yake, mwingi umechanganywa na unga wa ngano, siku hiyo uache.

SWALI: Ni mwalimu wa sekondari, Tabora. Wanafunzi wananiuliza mbona Wahindu wana miungu mingi, na mimi nashindwa kuwajibu bila kuwapotosha.

JIBU: Mwalimu, waulize kwanza Mhindu yupi, manake hawako kundi moja. Sisi Wavaishnava tunasema Mungu Mkuu ni mmoja, Krishna au Vishnu, na kwenye Gita sura ya 10 anasema yeye ndo chanzo cha vyote. Hao wengine kina Indra wa mvua na Surya wa jua ni watumishi waliopewa kazi, wanaheshimiwa lakini siyo washindani wake. Ukienda kwa wafuasi wa Shiva, wao Mkuu ni Shiva. Wa Devi, Mungu wa kike, watasema ni Mama. Alafu kuna fikra ya mwalimu wa zamani Shankara aliyefundisha kwamba kilichopo ni Brahman mmoja asiye na umbo, hizi sura zote ni za kumsaidia mtu afike, na walimu wengine kina Ramanuja na Madhva wakampinga vikali kwa hoja nzito, kwamba roho yako ipo kweli na upendo unahitaji wawili. Kwetu tunamfuata Chaitanya Mahaprabhu, aliyezaliwa Navadvip, Bengal, mwaka 1486, yeye anafundisha kwamba sisi ni wamoja na Mungu na hapo hapo ni tofauti naye, kama mwanga na jua lenyewe, mwanga ukiingia dirishani huwezi kusema jua limeingia chumbani ila huwezi kusema mwanga hautokani na jua. Wanafunzi wakishajua kwamba Wahindu wenyewe wamebishana haya kwa mamia ya miaka kwa vitabu na kwa adabu, watauliza maswali mazuri zaidi.

SWALI: Nimeolewa Ng'ambo, Tabora, mume wangu ni Mkatoliki na mama mkwe anaishi na sisi. Toka niache nyama na kuweka picha ya Krishna chumbani nyumba haina amani. Mama mkwe anasema naabudu sanamu na nimewadharau, juzi kwenye shughuli ya ukweni nilikataa pilau mbele za watu wakanuna wote. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Hapa naomba unisikilize kama dada yako, nyumba ni kitu kikubwa.

Chaitanya Mahaprabhu alikuwa msomi mkubwa lakini tunachosoma kama maandishi yake mwenyewe ni beti 8 tu. Ubeti wa 3 unasema jina la Mungu linaimbwa na mtu aliye mnyenyekevu kuliko jani la chini, mvumilivu kuliko mti, anayewapa wengine heshima na yeye haidai. Sasa watu tunaupenda huo ubeti mpaka tukutane na mama mkwe. Huyo mama ndo mtihani wako wa ubeti wa 3, na japo amekuumiza, bado ni mama. Msalimie asubuhi kabla hajakusalimia, maji yake ya kuoga yawe tayari, na akiomba umsindikize kanisani msindikize, hutapungukiwa.

Kuhusu nyama kaa na mumeo mkiwa wawili, siyo mezani. Mwambie humwachishi dini yake na humlazimishi kitu, unaomba tu sufuria zako ziwe pembeni na wewe usile. Nyama yao apike dada wa kazi au wifi kama yupo, na kama hakuna mtu, mkubaliane siku. Najua wapo waumini watakaoniambia nimelegeza, lakini kwa mtu aliye peke yake kwenye nyumba ya watu, kulibadilisha jiko zima kwa wiki moja ni kutafuta talaka. Wewe hakikisha siku zako unapika chakula kitamu hasa, maharage ya nazi, chapati laini, umemtolea Krishna kimya kimya chumbani, alafu unamwandalia mama mkwe wa kwanza. Prasadam inafanya kazi yake bila wewe kuhubiri.

Na kwenye shughuli usiseme sili nyama zenu. Sema nina mfungo mama, naomba chai na ndizi. Huku kwetu neno mfungo kila mtu analiheshimu, Muislamu kwa Mkristo, na siyo uongo kwasababu kweli umefunga hivyo vitu.

Kuhusu sanamu, asipouliza usianze wewe. Akiuliza kwa utulivu mwambie sisi hatuamini kwamba karatasi au jiwe ndo Mungu, tunaamini Mungu kwa huruma yake anakubali tumhudumie kupitia umbo hilo kwasababu sisi macho yetu yanahitaji pa kutazama. Pengine naye ana msalaba ukutani na picha ya Bikira Maria, ataelewa kuliko unavyofikiri.

Na ukizidiwa mkumbuke Haridasa Thakura. Alizaliwa kwenye familia ya Kiislamu Bengal, akapenda kuimba jina, kila siku anaimba majina laki tatu. Wakubwa wakaamuru achapwe viboko kwenye masoko 22. Alipokuwa anachapwa alikuwa anawaombea wale wanaomchapa wasipate dhambi kwa ajili yake. Wewe umenuniwa tu kwa pilau, nalisema hili kwa upendo, hujafika masokoni.

SWALI: Bodaboda, Mwanga, Kigoma. Nimesikia ni mizunguko 16 ya mala (shanga za kuhesabia sala) kila siku. Mimi naamka natoka. Muda napata wapi?

JIBU: Kaka, mizunguko 16 ni ahadi ya aliyekwisha kuchukua diksha (kupokelewa rasmi na guru) au anayejiandaa nayo. Kila mzunguko ni shanga 108, kila shanga mantra moja, kwahiyo mizunguko 16 ni mantra 1,728, mtu aliyezoea anatumia karibu masaa mawili. Wewe anza na mmoja, dakika kumi hivi, ila uwe kila siku bila kukosa, ukizoea ongeza wa pili.

Na Kigoma mna bahati moja mnaipoteza. Muda bora wa japa, yani huko kuimba kwa mala, ni ile saa moja na nusu kabla ya jua kuchomoza, na jua lenu linachelewa kama dakika 40 nyuma ya Dar, mara nyingi linatoka karibu saa moja asubuhi. Maana yake saa 11 na nusu alfajiri, wakati mwenzako wa Dar anakaribia kukimbizana na jua, wewe ndo kwanza muda wenyewe unaanza. Amka saa 11, nawa, kaa, imba kwa sauti ya kujisikia mwenyewe, alafu washa pikipiki.

Mala ishike kwa mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na cha kati, kidole cha shahada hakigusi. Ukifika kwenye ile shanga kubwa usiivuke, geuza urudi ulikotoka. Mwambie fundi cherehani akushonee kimfuko cha kitenge cha kuiwekea, isiguse chini na usiingie nayo chooni. Kama mala bado hujapata usisubiri, hesabu kwa pingili za vidole.